Niliwaambia Wamefunguliwa

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimelala chali, kwani daktari wa Vientiane amesema moyo wangu utafika msimu wa kupanda mpunga lakini mavuno hakuyaahidi, kwa hiyo uvumilie mwandiko wangu, kisha uniambie la kufanya, maana nimewapotosha wanawake arobaini na mmoja kwa kuitikia kwa kichwa, na sijui kama nirekebishe au nife tu.

Mimi ni mstaafu wa idara ya biashara, ingawa kijijini huniita Mwalimu. Kwa miaka ishirini na sita nilitoa vyeti vya asili ya bidhaa hapa mkoani Houaphan, Laos, yaani karatasi inayosema kitambaa hiki kimefumwa hapa na si kwingine, na kwa karatasi hiyo skafu za hariri za kijiji chetu zimekuwa zikiingia Ulaya bila ushuru, kwa sababu nchi yetu imo kwenye orodha ya nchi maskini kuliko zote, na walio kwenye orodha hiyo husamehewa. Sasa nchi inatoka kwenye orodha. Wengine huko duniani husema nchi imehitimu, kama mtoto wa shule. Sisi tulichagua lut phon, kufunguliwa, neno la mfungwa anayetoka gerezani, na ndilo hilo hilo wanalolitumia watawa kwa roho inayoachana na mateso. Nilikuwapo kwenye kikao cha kulichagua. Nilisema ni neno zuri.

Mwaka jana wafumaji waliniita kwenye banda lao niwaeleze habari hiyo, nami nikaeleza vizuri kwa muda wa saa nzima, kwamba tumepewa miaka michache ya kujiandaa, kwamba baada ya hapo ushuru unaweza kurudi kwenye skafu zao, na kwamba wakaguzi watataka kujua uzi umetoka wapi na umefumwa lini, lakini nilipomaliza mwenyekiti wao, Mama Bouasy, aliyekuwa akimenya machipukizi ya mianzi muda wote huo, aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo Mwalimu, ushuru na makaratasi yao, ndiyo tumefunguliwa?" Nami nikaitikia kwa kichwa. Mwanzoni niliitikia kuonyesha kwamba nimelisikia swali. Lakini wakapiga makofi, na kabla sijafungua mdomo tayari walikuwa wanapanga sinia la maua, na wazee wanaanza kunifunga nyuzi nyeupe mikononi na kuziita roho zangu zirudi mwilini, kama desturi yetu ya kumbariki mtu, na katika miaka yangu yote ya utumishi hakuna mtu aliyewahi kunishukuru kwa cheti, kwa hiyo sikuwasahihisha, nikala supu.

Jioni ile waliyachoma madaftari ya uzi. Ni madaftari ya miaka tisa, yanayoonyesha kila kibunda cha hariri kimetoka kwa nani na kimeingia kwenye mtambo wa kufumia wa nani, niliyowafundisha mimi mwenyewe kuyaandika kwa ukali mwingi, na ndiyo hasa yatakayohitajika. Niliuona moshi nikiwa barazani kwangu. Nilidhani wanachoma nyama.

Sasa umekuja mpango wa kuwasaidia wauzaji wadogo kujiandaa. Wanavifundisha vyama vya ushirika taratibu mpya, wanavitafutia wanunuzi wengine, na kuna mtu wa kuvisaidia makaratasi bure. Fomu zinafungwa tarehe thelathini mwezi huu. Juu ya fomu wameandika kwa herufi kubwa kwamba ni msaada kwa vikundi vinavyoguswa na kufunguliwa. Mama Bouasy alimrudishia ofisa wa mpango fomu hiyo mlangoni, akamwambia kwa adabu, "Sisi tumeshafunguliwa, mwanangu. Wapelekee waliofungwa."

Wiki iliyopita nilijaribu. Aliniletea supu ya mianzi, nikamshika mkono, nikamwambia, "Bouasy, hatujafunguliwa. Bado kabisa." Akanitazama, machozi yakamlengalenga, akanipapasa bega. "Usiogope, Mwalimu. Utafunguliwa salama. Umeishi vizuri." Kisha akatoka akawaita watawa. Wakaja watano, wakanisomea mpaka nikasinzia, na nilipoamka kijiji kizima kilikuwa barazani kikinipongeza kwa utulivu wangu.

Mshauri, wameupa mchoro mpya wa skafu jina langu. Nikisema kweli, nitakufa mtu aliyewachomea madaftari. Nikinyamaza, nitazikwa kwa heshima, na miaka mitatu baadaye mizigo yao itakwama bandarini na hawatajua kwa nini. Nifanye nini?

Mwalimu wa Vyeti, Houaphan

JIBU

Mwalimu,

Pole kwa moyo. Pole pia kwa watawa watano, najua huwa hawaimbi kwa haraka. Pole zangu zinaishia hapo.

Kwanza tupange makosa yako, maana unayachanganya. Neno halikuwa kosa lako peke yako, mlikuwa chumba kizima cha wasomi na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mfumaji atasikia nini. Kosa lako ni kichwa. Saa nzima ulisema kweli, halafu ukaifuta kwa shingo, kwa sababu ulipigiwa makofi. Wewe ambaye bila shaka uliwahi kumkatalia mtu cheti kwa muhuri uliopinda ulishindwa kusema "hapana, mama" mbele ya sinia la maua.

Pili, umejaribu kurekebisha kwa neno lile lile lililoharibu. Mgonjwa aliyelala akisema hajafunguliwa, ulitaka aitwe nani, ofisa wa forodha? Neno hilo ulitupe. Sema "ushuru utarudi." Sema "fomu inafungwa tarehe thelathini." Hakuna mtawa anayeitwa kwa sentensi hizo.

Na usianze na toba. Nakujua, utataka kuanza na toba. Mtu anayekaribia kufa akiomba msamaha hukumbatiwa, watu hulia, na hakuna anayesikia kinachofuata. Anza na tarehe. Kisha fomu. Toba iwe ya mwisho, na iwe fupi.

Usimwite Mama Bouasy peke yake kitandani. Vijana wakubebe kwenye kiti hadi bandani asubuhi, wakati mitambo inafanya kazi, uisimamishe. Ukae wima. Vaa lile shati ulilokuwa ukivaa kazini, usije na blanketi.

Madaftari yameungua, lakini uzi haukujileta wenyewe. Waliowauzia wana kumbukumbu zao, na wanunuzi wa Ulaya wana za kwao, kila oda na tarehe yake. Wanawake wawili waende kunakili kwa wauza uzi, mmoja awaandikie wanunuzi. Mwandiko wako umeharibika, mdomo haujaharibika: wao waandike, wewe uwaambie nini kinaingia kwenye kila safu. Hakuna mtu mwingine kijijini anayejua. Ukifa kabla ya hapo utakuwa umewachomea madaftari mara mbili.

Watakasirika. Waache. Mchoro wanaweza kuubadilisha jina jioni hiyo hiyo, na skafu itauzwa vile vile.

Mwisho, kuhusu barua yako. Nimelificha jina lako, lakini sioni kijiji kingine chenye wafumaji arobaini na mmoja na mwenyekiti aitwaye Bouasy anayemenya mianzi kikaoni. Kwa hiyo nakala ya jibu hili nimekutumia kwa dereva wa basi, siku tatu kabla ya gazeti. Siku ya nne Mama Bouasy atalisoma mwenyewe. Ningependa akifika kwenye mstari huu awe tayari anaijaza fomu, akikereka kwa kuwa ina kurasa nyingi, na si kwa sababu nyingine yoyote.