Simu Yako Ilinisemea

Kwako kaka,

Pokea salamu, ingawa leo zinapita katikati ya meno yaliyoumana. Wifi hajambo? Watoto je? Mimi mwili mzima, ila moyoni nachemka.

Nimeiona video uliyotuma kwenye kundi la familia, ile ya kikao cha hapa sebuleni kwangu, cha kuamua binti yangu akae na nani. Siku ile nilisimama mbele ya simu yako, ile inayogeuza ishara kuwa sauti, nikasema kwa mikono kwamba binti yangu haondoki, na anayedhani kiziwi kama mimi hawezi kulea aje aniambie usoni. Watu wakapiga makofi, shangazi akanikumbatia. Nikadhani wamenielewa, mjinga mimi! Kumbe, nayasoma maandishi chini ya video, simu imetangaza: asante, mtoto, nenda, furaha. Nikiwa jikoni naosha vikombe vyenu, shangazi akaondoka na mtoto, eti akajifunze kuongea kama watu.

Asante ya nini? Furaha ipi?

Ulinieleza mwenyewe, kichwa juu, kwamba huo mtandao wako wa neva, akili bandia inayosoma ishara zangu, ni mdogo makusudi, ufanye kazi papo hapo hata kwenye simu ya bei rahisi. Ndiyo maana unajua maneno machache, na kila ishara lazima uitie kwenye mojawapo. Nikakuuliza, usipoijua je? Ukacheka, ukasema unachagua neno la karibu. Yaani umetengeneza kitu kisichoweza kusema sijui, ukakikabidhi kinywa changu! Na mikono iliyokifundisha ni hii hii yangu, nilikaa mbele ya kamera yako mpaka mabega yakafa ganzi.

Mashine siilaumu, haina haya. Nakulaumu wewe. Lugha hii tuliianza wawili, chini ya meza ya mama, kabla hujajua kusoma. Kwenye video unaonekana katika kioo cha kabati: mimi nalia kwa mikono, wewe umeinamia simu, unatabasamu kwa sababu haikukwama. Kuinua macho tu, kaka, kungekugharimu nini?

Sasa nikwambie kabla hujaambiwa na wengine. Leo asubuhi nimekwenda kwa shangazi nikamchukua mwanangu. Shangazi alikuwa na mengi ya kusema, nami nikafumba macho. Mkitaka kikao kingine njooni, ila simu ibaki kwako.

Msalimie wifi. Binti yangu naye anakusalimia. Anasema siku ile aliisikia simu, akakuvuta shati akwambie mama hakusema hivyo, ukamwambia anyamaze, unarekodi.

Dada yako.