Mama Anasema Ninakwenda Kusomea Majini

Mpendwa Mama Consolée wa redio, mi ni Adija wa Buyenzi, nakuandikia kwa sababu fomu ya chuo kikuu inarudishwa Ijumaa na sina mutu wa kumuuliza, yote ilianza mwaka jana kaka yangu Faruk alipopigwa risasi ya mguu njiani Kinama, hospitali wakamupiga radio, si hii yenu ya kusikiliza, ile ya mifupa, daktari akaweka picha dirishani nikaona mufupa wa kaka yangu na risasi imelala pembeni, na ngozi haijapasuliwa, nikasahau hata kulia. Nikamuuliza mwalimu wetu wa fizikia, Bwana Aloys, ule mwanga unatoka wapi, akaanzia kwenye atomu akanifikisha kwenye kiini chake, kitu ambacho vumbi la chaki ni mlima mbele yake, kumbe ndani kuna nguvu ya kuwashia mji mzima, na siye umeme unakatika kila siku, sasa Mama, hata nikishika kikombe nafikiria kiini. Akasema kazi ya nguvu hiyo kwa Kifaransa inaitwa génie nucléaire.

Kosa langu nililitaja neno hilo nyumbani. Mama yangu alisikia jini, akamwita jirani Twalibu mwenye diksionere ya Kifaransa, naye akasoma kwa sauti: génie, jini. Basi maalim akaletwa, nikanyweshwa maji ya kombe ya kufukuza jini, mama akasimama nyuma yangu mpaka nikaandika Médecine kwenye fomu, nimeandika kwa kalamu ya risasi. Na chuo chetu hakina hiyo nucléaire. Je, nikae na udaktari, au niende fizikia, au mekanika? Siwezi kumuumiza mama, amebakiwa na sisi wawili tu.

*

Adija binti yangu, pole kwa mguu wa Faruk, na pole kwa kombe. Sasa nikugombeze. We unataka kuingia ndani ya kiini, halafu unashindwa na neno moja? Twalibu alisoma mstari wa kwanza akafunga kitabu. Angeteremka kidogo angekuta uhandisi. Daraja la Ntahangwa ni kazi ya watu wa génie civil, na mama yako hulipita bila dua yoyote.

Nimemuuliza Armel, anayefundisha pale chuo kikuu, Mutanga. Anasema nucléaire haianzwi moja kwa moja. Anayependa mashine aanze na mekanika, anayetaka kujua kiini aanze na fizikia, na hesabu asiziache. Barua yako haina mashine hata moja. Nucléaire yenyewe utaifuata nje ya nchi baadaye, ukishamaliza hapa.

Na hapo ndipo mama anapoogopa, jini ni kisingizio. Mwambie kwanza ni miaka minne Mutanga, jioni unarudi kula kwake.

Udaktari ni kazi njema, lakini daktari aliangalia risasi, we uliuliza mwanga. Mi nimepigwa radio mara mbili, na umri huu wangu wote sikuwahi kuuliza. Nimekaa na barua yako asubuhi nzima, naangalia mkono wangu.

Alhamisi mwonyeshe mama ile picha ya mguu, umweleze kwa Kiswahili, Kifaransa apana, hata neno moja. Halafu chukua kifutio. Uliandika kwa kalamu ya risasi kwa sababu ulijua utafuta. Andika Fizikia, kwa biki.