Damu Yetu na Kichupa cha Kioo

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Soko la Mboga.
9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo? Wifi yangu naye? Na wale pacha wenu wasiosikia la mwadhini wala la mteka maji, wazima? Hayo mawe kwenye nyongo yanakuachia usingizi angalau kidogo? Sisi huku tu wazima. Goti langu linalalamika, cherehani inalalamika zaidi, lakini tunasukumana hivyo hivyo.

Barua yako niliipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu mbili, na ya kwanza ni hasira. Mtu mzima unaniandikia kurasa tatu za wosia! Eti daktari ameahirisha kukupasua mara mbili kwa kuwa damu yako haigandi kwenye kipimo, eti ukiguswa na kisu utatoka damu hadi ufe, basi umeamua ukae na mawe yako mpaka Mungu akuite, na pacha niwalee mimi. Niliisoma nimekaa juu ya gunia la vipande vya vitambaa, nikalia mpaka mteja aliyefuata sketi yake akaondoka bila kuiulizia.

Sababu ya pili ni Mbishi. Binti yangu jina hilo ulimpa wewe, siku alipokubishia, naye ana miaka mitano, kwamba saa yako inachelewa. Na kweli ilikuwa inachelewa. Siku hizi yuko maabara ya hospitali, upande wa damu, koti jeupe mpaka magotini. Aliisoma barua yako amesimama mlangoni, wala hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Mama, sindano ikikuchoma, damu inachukua muda gani kukata?"

Nikamwambia, "We mtoto, nimeshona miaka thelathini na moja. Ningekuwa mtu wa kuvuja damu, nani angevaa gauni jeupe la harusi kutoka kwangu?"

Kesho yake akanipeleka kazini kwake, akanitoa damu. Ya watu wengine huganda kwa nusu dakika hivi. Yangu ilipita dakika tatu, bado maji. Mkuu wake, mzee mmoja anayevaa miwani kwenye paji la uso, akasema sampuli imechukuliwa vibaya, imwagwe. Mbishi akachukua nyingine. Yakawa yale yale. Mara ya tatu mkuu alinitoa damu kwa mkono wake mwenyewe, na ndipo miwani iliposhuka machoni. Hapo Mbishi akachanganya maji ya damu yangu na ya kwake, nusu kwa nusu. Yakaganda bila taabu. Kumbe damu yangu haikuwa na sumu yoyote, ilikuwa imepungukiwa na kitu kimoja.

Nilimwambia anieleze kama anavyoelezwa fundi cherehani, nami nakueleza hivyo hivyo. Ndani ya damu mna mikasi midogo iliyofungwa. Wenyewe wanaiita vimeng'enya. Mkasi wa kwanza huelea tu, hauna habari na mtu. Lakini damu ikigusa kioo cha kichupa cha kupimia, au ule unga wa udongo mweupe wanaoutia kwenye kipimo, mkasi huo hujibandika pale, hujikunjua na kuamka. Unaufungua wa pili, wa pili unaufungua wa tatu, hivyo hivyo mpaka damu inafuma nyuzi. Nyuzi kweli, mdogo wangu! Nimeziona kwenye darubini, na mshono wake si haba.

Mimi na wewe tumezaliwa bila ule mkasi wa kwanza. Baba alikuwa na upungufu, mama vilevile, sisi tukarithi kotekote. Ndiyo maana kioo hakituamshi. Ila tumboni mwako hamna kioo! Nyama ikikatwa, kidonda chenyewe huiamsha mikasi ya mbele kwa njia nyingine, na njia hiyo tunayo, nzima kabisa. Mbishi aliipima nayo: sekunde kumi na mbili, kama kila mtu.

Akampigia simu daktari wako. Nilikuwa nyuma ya mlango nikimsikia akibishana na bingwa mzima, kwa adabu zote: "Hapana, daktari. Samahani, daktari. Hapana." Daktari akaipima damu yako waliyokuwa wameihifadhi, akatafuta mkasi ule mmoja tu, akaukosa. Sasa yuko tayari kukupasua Jumanne ya tarehe ishirini na nne. Ripoti nimeiweka humu, ina mhuri.

Najisifu? Ndiyo, najisifu. Mteja akija kupimwa kiuno, haondoki kabla hajasikia habari za mikasi. Nina fahari mpaka vifungo vinanibana.

Neno moja zaidi, maana nakujua, woga hautakuisha kwa mhuri. Kwenye ripoti pana mahali wanapouliza kama yupo ndugu aliyewahi kupasuliwa. Mbishi aliniomba nimwonyeshe kovu langu la tumboni. Unalikumbuka, wewe ndiye uliyekaa nje ya mlango ule umeshika viatu vyangu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, hapakuwa na muda wa kupima chochote, wakanipasua na damu hii hii. Aliligusa kovu kwa kidole, akaenda kuandika: "Dada wa mgonjwa alipasuliwa tumbo. Hakutoka damu kupita kawaida. Mtoto alizaliwa hai."

Kisha mtoto huyo akatia sahihi yake chini.

Nisalimie wifi, nisalimie pacha, mmoja mmoja, wasije wakagombana. Mkuu wa maabara naye anakusalimu, anasema hajawahi kuona ndugu wabishi hadi damuni. Mungu aiongoze mikono ya daktari na akuamshe salama.

Wosia wako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Wanao utawalea mwenyewe.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja na damu moja,
akupendaye.