Vitambaa Vilivyotiwa Wanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi huku tu salama. Mimi nimechoka tu, uchovu ule wa kutia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Jana niliitia kweli, nikainywa yote, maana sikuwa na nguvu za kupika nyingine. Mjukuu wako ananenepa. Mapaja yamejaa mikunjo, na kila mkunjo unataka kufutwa.

Nimesikia umeshaanza kufunga mizigo. Kabla hujapanda gari kuna jambo nataka kukueleza, na nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Nilikuandikia kwamba makalio ya mtoto yamekuwa mekundu, analia kila nikimbadilisha nepi. Basi muuguzi wa kliniki alizinusa zile tishu za maji za kumfutia mtoto tunazonunua dukani, akasema huenda manukato yake ndiyo yanayomchoma, nitumie kitambaa laini na maji matupu. Nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani, tukalia wote wawili. Kitambaa ni kufua, Mama, na mimi hata kuchana nywele sipati nafasi.

Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Unamjua alivyo. Tangu aje kukaa kwetu ni salamu asubuhi, salamu jioni, basi. Amekuwa dobi maisha yake yote, na tangu aache kazi hukaa dirishani kama mtu anayengoja kuitwa. Akaniuliza kitambaa chenyewe kinatakiwa kiwe na ukubwa gani. Nikamwonyesha viganja vyangu viwili. Akaondoka.

Kesho yake akaniletea rundo la vitambaa vyeupe, vimekatwa sawasawa na kupindwa kwa mkono. Mama, vilikuwa vimekakamaa kama kola ya bwana harusi! Alivitia wanga na kuvipiga pasi, kwa mazoea tu. Nilipomgusisha mtoto kimoja, alipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta. Baba mkwe akashika kichwa, akasema amewavalisha wakubwa wengi, na huyu ndiye wa kwanza kumrudishia kazi. Tulicheka mpaka machozi. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Akaanza upya. Sasa kila siku namtazama, na sichoki. Huvichemsha, halafu husuuza na kusuuza mpaka maji yaache kuteleza vidoleni. Hata huyaonja kwa ncha ya ulimi, kwa sababu anasema sabuni iliyojificha kwenye uzi ndiyo adui. Kisha huchemsha maji mengine, huyaacha yapoe, huvichovya na kuvikamua. Hukunja kila kimoja ndani ya mwenzake, ukivuta hiki, kinachofuata kinatoa sikio. Huvipanga kwenye kopo safi lenye mfuniko. Vya leo ni vya leo. Vikilala, vinarudi kwenye sufuria. Mume wangu alimtania kwamba jiko limegeuka duka. Akajibiwa kwamba mteja wa hapa hajui kusema, kwa hiyo hadanganyiki.

Mtoto amepona kabisa. Na mimi, Mama, nimelala mchana!

Sasa lile la chumba. Tulikubaliana kwamba ukija, baba mkwe ahamie kwa shemeji yangu ili upate pa kulala. Mume wangu alimweleza, naye akasema sawa, hakuuliza hata ni lini. Juzi nikaenda kumsaidia kufunga sanduku. Ndani nilikuta mashati mawili, na pindo refu la shuka lililodariziwa maua ya bluu. Nililitambua mara moja. Lilikuwa shuka la marehemu mama mkwe, lile ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Kilichobaki ni hilo pindo tu.

Nilimuuliza kwa nini hakuniomba nguo kuukuu za kukatia vitambaa. Alisema zangu zote bado mpya, zinakwaruza. Hilo amelifua mwenyewe tangu waoane, hakuna laini kama hilo. Kisha akasema mwenye shuka alitamani sana kumshika mjukuu, basi na amshike.

Nikatoa yale mashati, nikayatundika tena msumarini. Nikamwambia haendi popote. Mume wangu nilimwambia baadaye, na wewe nakuambia sasa. Usinune, Mama. Njoo, tena njoo upesi, ila utalala kitanda kikubwa na mimi na mtoto. Mume wangu atatandika sebuleni. Ameshanung'unika, na amemaliza.

Usilete tishu za dukani. Lete lile shuka lako lililochakaa, ulilonibebea mgongoni. Huyu mtoto ana bibi wawili, haifai ashikwe na mmoja tu.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Baba mkwe naye anakusalimu sana. Anasema tafadhali usilitie wanga.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako