Utepe wa Baba kwenye mpunga

"Yaya, mi nilizania iko kamba tu!" Pulchérie, hilo ndilo jibu la mdogo wangu Roger. Kamba tu!

Niko Nundu, shambani kwake. Amefunga utepe wa Baba mti kwa mti, ufukuze ndege kwenye mpunga.

Utepe wenye nyimbo alizotunga Baba, zilizorekodiwa mjini Baraka mwaka 1957. Hatuna sauti yake kwingine.

"Mashini ya kusikilizia iko wapi? Miaka yote hii, nani alisikiaka hata neno?" Roger akajitetea.

Mashine nimeipata juzi, Bukavu. Juzi! Nimekuja kuchukua utepe, naukuta unang'aa juani, umeshanyeshewa.

Nikamwambia, "We ni muntu wa namna gani? Unamutuma Baba kufukuza ndege?" Akacheka. Kisha upepo ukapita, utepe ukavuma shamba zima, naye akatega sikio.

"Iko anaimba, Yaya."

Nikalia, rafiki yangu, mbele ya vibarua.

Basi, ugomvi nimeuacha. Nimevua viatu, nimeingia matopeni, mstari wa kwanza wa utepe nimeshauviringisha kwenye chupa tupu. Roger anafungua mafundo upande wa pili, hanitazami. Usinipigie, mikono ina tope.