Mtaliano Mashoto Ni Mimi

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako, lakini nakuonya mapema kwamba sikuandikii nikilia, machozi nimeshayamaliza na kilichobaki ni hasira, na kama jibu lako ni kuniambia nivumilie basi iweke barua hii kando usome ya yule aliyeachwa na mchumba. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, kazi yangu ni kushona viti vya magari, nina karakana yenye cherehani mbili na meza ndefu ya kukatia ngozi, nashona viti vya mabasi, vya teksi, hata kiti cha kinyozi nimeshawahi kukishona, na hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Marehemu baba aliniachia gari moja la spoti la Kitaliano, la zamani, jekundu, la watu wawili, ambalo mama alikuwa analiita mke mwenzangu, na jina la kampuni silitaji kwa makusudi kwa sababu wapenzi wa magari haya wakiliona jina tu wataacha kusoma waanze kubishana.

Na kubishana ndiyo kazi yao. Kila Jumamosi asubuhi wanakutana uani kwa baba yangu mdogo, ambaye alikuwa mwalimu wa udereva na sasa amestaafu, na ndiye mwenyekiti wa chama chao, wanapanga magari yao kivulini, wanafungua maboneti, kisha kelele zinaanza.

"Injini ikikaa mbele, hilo ni lori lililovaa suti," anasema daktari wa meno, ambaye gari lake injini iko nyuma ya viti.

"Na ikikaa nyuma ya masikio yako, mkeo akikusemesha utamsikia?" anamuuliza mfamasia.

"Hiyo ndiyo faida yenyewe, bwana!"

Basi watu wanacheka, chai inamiminwa, wanahamia kwenye kabureta, wanahamia kwenye mlio, wanagombana juu ya mstari wa boneti kana kwamba ni mpaka wa shamba, na mimi sikudanganyi Shangazi, nayapenda mabishano yale, nimekulia humo, na nina la kusema, maana naamini gari zuri ni lile unaloliendesha kutwa nzima na mgongo usikuume, lakini nikifungua mdomo tu baba mdogo ananikata, "Mwanangu, wewe shughulika na mabasi, haya ni mambo ya Kitaliano." Gari ni langu, kadi ina jina langu, lakini yeye ndiye analiendesha mpaka pale uani na yeye ndiye analisemea, mimi nabaki na sinia la vikombe.

Sasa sikiliza siri yenyewe. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa baba alisafiri kikazi miezi mitano, akaliacha gari bandani, aliporudi akakuta panya wamevila viti vyote viwili mpaka sponji, na baba ndiye aliyekuwa anawacheka wenzake kwa kutotunza magari, kwa hiyo aibu ilimshika akashindwa hata kula. Akaja kwangu, wakati ule najifunza kazi, akasema, "Mwanangu, habari hii ibaki kati yangu, wewe na panya." Tukatafuta ngozi inayofanana, nikaifumua ile ya zamani kipande kwa kipande nikaitumia kama kipimo, miezi miwili nikashona kingo zote kwa mkono, kwa msharasi wa kutobolea ngozi na sindano mbili, vidole vikatoka damu, na baba akakiambia chama kwamba gari lake halijaguswa na mtu tangu litoke Italia. Wakaamini. Tatizo ni kwamba mimi ni mashoto, Shangazi, na mshono wangu wa mkono unalala upande wa kushoto badala ya kulia.

Wakauona. Watu wale wanaona kila kitu isipokuwa kilicho mbele yao. Wakatoa kioo cha kukuzia, wakabishana Jumamosi tatu mfululizo, wakahitimisha kwamba kule kiwandani kulikuwa na fundi Mtaliano mashoto, mfamasia akaandika kurasa tatu juu yake kwenye jarida la chama, daktari wa meno akasema alikuwa mzee, mfamasia akasema hapana, mzee hana nguvu ya kuvuta uzi vile, na baba mdogo akapitisha kidole juu ya kiti akasema, "Mikono ya namna hii haizaliwi tena," na mimi niko hatua mbili kutoka kwake, namiminia watu chai kwa mikono hiyo hiyo.

Nilinyamaza miaka kumi na miwili. Baba alifariki miaka minne iliyopita, bado nikanyamaza, na ningenyamaza mpaka kaburini kama si Mama Mkunga.

Huyu ni mkunga mstaafu, ana gari aina ile ile kama la baba, alilinunua kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao, na ndilo alilokuwa analipanda kwenda kuzalisha watu miaka thelathini, wajawazito walikuwa wakiusikia ule mlio kona ya mbali wanajua msaada unakuja. Mwezi uliopita alilileta ili liingizwe kwenye orodha ya chama ya magari ya asili, yale yasiyowahi kubadilishwa kitu, ambayo ndiyo yanayokwenda kwenye maonyesho. Viti vyake alikuwa amevifunika kitambaa kizito tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya kazi yake unaelewa mwenyewe, na kitambaa kilipofunuliwa moyo wangu ulishtuka, kwa sababu ilikuwa ngozi ile ile niliyoifumua kwa mikono yangu, vinyweleo vile vile, uzi ule ule, mshono umelala kulia kama ulivyokuwa wa baba kabla ya panya. Vya kweli, Shangazi. Pengine ndivyo pekee vilivyobaki.

Baba mdogo akainama na kioo chake, akatazama viti vya Mama Mkunga, akatazama vya kwetu, akasimama. "Mshono unalala kulia," akasema. "Mtaliano wetu alikuwa mashoto. Mama, samahani, uliuziwa viti bandia." Wakalikataa gari lake lisiingie kwenye orodha, hivi hivi, mbele ya watu, na yule mama alikunja kitambaa chake taratibu akaondoka. Siku mbili baadaye akaja karakana. "Mwanangu," akaniambia, "nakuletea viti vyangu. Nifumulie vyote, unishonee kama vya marehemu baba yako. Nimeliendesha gari hili ujana wangu wote, sitaki nife watu wakiniita mwenye gari la kughushi." Nami, sijui ni shetani gani aliyenituma, nikajibu, "Sawa, mama."

Anavileta mwisho wa mwezi huu. Nikishona, naharibu kitu cha kweli ili kifanane na uongo wangu. Nikikataa bila sababu, atampelekea fundi mwingine avichane. Nikisema, baba anakuwa mwongo kaburini na baba mdogo anakuwa kichekesho cha mji, na mama yangu nilipomgusia tu alinijia juu, "Ukimvua marehemu nguo, utamfunika na nini?" Lakini sitamwomba mtu yeyote msamaha kwa ule mshono, kazi yangu ni nzuri, ilipita kwenye kioo chao miaka kumi na miwili, na nimechoka kusikia sifa zangu akipewa mzungu ambaye hajazaliwa. Nambie, nifanye nini?

Ni mimi, mashoto wa karakana ya viti. Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha.

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikicheka mpaka mhariri akachungulia mlangoni. Mara ya pili sikucheka.

Tuanze na haki yako. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, baba yako akakuomba, ukamtii, ukafanya kazi ambayo wataalamu wa mji mzima walishindwa kuitofautisha na ya kiwandani. Kwa hilo hudaiwi msamaha na mtu, na usimpe. Wanaokuambia ushughulike na mabasi wamekaa juu ya kazi yako miaka yote hii wakifundishana Utaliano. Naielewa hasira yako, na mimi ningekuwa nayo.

Lakini usidhani nitakusifia tu, sifa umeshapewa za kutosha, na huko ndiko ulikopotelea. Kumbuka mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Miaka minane baba yako yuko hai, ulinyamaza kwa heshima, sawa. Miaka minne baada ya hapo ulinyamaza kwa ajili ya nani? Nitakuambia. Ulipenda kuwa yule Mtaliano. Kila Jumamosi ulikwenda kusikia mikono yako ikisifiwa bila gharama ya kusema ni yako, na utamu huo ukakulevya. Siku Mama Mkunga alipoambiwa mbele ya watu kwamba gari lake ni la kughushi, mtu mmoja tu pale uani alijua kuwa si kweli, na mtu huyo alikuwa ameshika birika.

Tazama pia jinsi ulivyoandika. Kwa baba una aya nzima, kwa kioo cha baba mdogo una aya nzima, na unauliza nini kitawapata wao. Yule mama aliyekunja kitambaa chake akaondoka, hujauliza hata mara moja kama analala.

Mama yako mpe heshima zake, ila kwa hili amekosea. Baba yako hakuiba wala hakuua. Aliona aibu kwa sababu ya panya, akasema uongo mdogo, ukaachwa ukue hadi ukamng'ata mtu asiyehusika. Ukiusahihisha leo, watu watamcheka marehemu siku moja, kisha watakumbuka jinsi alivyolipenda gari lake. Mficha uchi hazai, na hilo Mama Mkunga atakueleza kuliko mimi.

Sasa shika haya. Jumamosi, gari liendeshe wewe. Usimpe baba yako mdogo ufunguo hata akunyooshee mkono. Kaa nyuma ya usukani, ingia nalo pale uani, zima injini, toa msharasi, sindano mbili, uzi na kipande cha ngozi, uwaombe kiti. Usihutubie, hao kwa maneno hutawaweza. Shona shubiri moja kwa mkono wako wa kushoto, kisha weka kile kipande juu ya kiti cha gari na uwapishe na kioo chao. Wakimaliza kutazama, taka mambo mawili tu: gari la Mama Mkunga liingizwe kwenye orodha, na lako litoke, liandikwe kwamba viti vyake vimeshonwa upya na binti wa mwenye gari. Wakikataa, egesha nje ya geti siku ya maonyesho, wewe na yeye, na maboneti wazi. Watu watawafuata huko huko. Na siku hiyo ukiwa na la kusema juu ya mgongo na kutwa nzima barabarani, liseme, na atakayekukata mwendelee kubishana mpaka chai iishe.

Baba yako mdogo mwambie mapema, uso kwa uso, kwa adabu zote, maana ni mdogo wake marehemu na hastahili kushtukizwa mbele ya wenzake. Kumwambia, nimesema, si kumwomba. Atakusihi usubiri maonyesho yapite. Mjibu, "Hapana, baba," na uendelee kukaa hapo mpaka hasira zake zipoe.

Ila kabla ya hayo yote kuna jambo, na ndilo lililonifanya nikupigie simu nikusomee jibu hili leo Jumanne badala ya kukuacha ulisubiri. Umeandika barua yenye panya, mkunga, gari jekundu na mashoto anayeshona viti, ukaipeleka kwenye gazeti linalosomwa mji mzima. Hao wanaoona kila kitu, unadhani hawataona hiki? Usinifanye mtoto mdogo, fundi. Ulipoipachika stempu ulikuwa umeshaamua, ulitaka tu mtu mwingine afungue mdomo kwa niaba yako. Mimi nimekataa kazi hiyo mara nyingi, lakini gazeti linatoka Ijumaa asubuhi, na ukurasa huu umo.

Basi una siku tatu, na ya kwanza usimpe baba yako mdogo. Funga karakana sasa hivi, nenda kwa Mama Mkunga kwa miguu yako, asije akasomewa habari za viti vyake na muuza magazeti. Ukifika usianze na marehemu, wala panya, wala usijitetee. Mwambie hivi: "Mama, viti vyako ni vya kweli. Nilijua tangu siku ile, nikanyamaza." Kisha nyamaza kweli, umwachie nafasi ya kukujibu.