Unamfichia Mpaka Lini

Jumamosi, 7 Juni

Ruvu. Leo tena mimi wa kwanza. Deo alimficha mbweha chini ya mkwaju, kwenye kivuli, hatua chache kutoka mtoni. Mbweha ni kisanduku cha redio tu. Kinalia tii-tii-tii kichakani, sisi tunakisaka kwa antena za bomba la plastiki na tepu ya kupimia ya fundi. Wenzangu walizunguka kwenye majaruba ya mpunga mpaka wakachoka. Mimi antena nainyanyua kwa heshima tu. Namjua mume wangu. Hapendi jua, hapendi miiba. Kikundi kizima kinaniita malkia, na mimi sikatai.

Kaja mgeni, Shani wa Mlandizi. Alishika antena nyuma mbele. Tulicheka.

Jumamosi, 21 Juni

Kisarawe. Shani kampata kwanza. Mimi wa tatu.

Mbweha alikuwa katikati ya miiba. Deo huyu huyu, ambaye hata ua wa nyumbani analipa mtu aupunguze. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kivuli. Antena ilikuwa inalia upande mwingine, nikaipuuza.

Halafu Shani ananiita wifi. Wifi wa wapi? Kaka yake nimeolewa naye lini?

Jumatano, 25 Juni

Deo anakaza skrubu za antena huku anapiga mluzi. Nilimuuliza kwa nini miiba. Eti "nimebadilisha tu". Mtu anayekula wali na maharage kila Jumatatu tangu tuoane habadilishi tu.

Namwonea wivu yule binti. Basi, nimeandika. Sijaongea na Deo vizuri tangu Jumamosi na sina mpango huo.

Jumamosi, 5 Julai

Vihingo. Nimeshinda. Mkorosho, kivuli kizito, kisima jirani. Nilimwona Shani anakuja nyuma yangu anahema, roho ikatulia kwatu.

Haikutulia sana. Nilikwenda kichakani kujisaidia. Wakati narudi nikawasikia, wamekaa wawili kwenye gogo. Shani: "Kaka Deo, unamfichia mke wako mpaka lini?" Deo akajibu taratibu: "Niachie. Nitamwambia mwenyewe."

 Tulirudi nyumbani Sofu. Nimempakulia ugali, nimeingia chumbani. Anadhani naumwa kichwa.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani sikwenda. Sikulala pia.

Nilimuuliza kwenye chai. Unanifichia nini wewe na Shani? Hakuelewa. Nikamrudishia maneno yao kama nilivyoyasikia. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

"Sikufichi kitu," akasema. "Nakufichia mbweha."

Tangu kikundi kianze alikuwa anamficha kwa ajili yangu. Anatafuta kivuli, maji karibu, njia isiyonichoma, ili nimpate mimi. Anapenda ninavyorudi nimevimba kichwa. Shani aligundua siku ile ile ya Ruvu, akamwambia hawatendei haki wengine. Kisarawe akajaribu kuficha kwa haki. Nikanuna. Vihingo akarudia mchezo wake, ndipo Shani akamuuliza lile swali.

Kwa hiyo hakuna mwanamke. Nilitakiwa nifurahi. Nililia, na hata sijui nilimlilia nani. Malkia gani anayetafuniwa chakula? Na Shani bado namwonea wivu, leo kuliko jana. Yeye anaisikiliza redio. Mimi miaka yote nilikuwa namtafuta Deo.

Nilimwambia amenidhalilisha. Akasema hakujua njia nyingine ya kunipa zawadi. Nikaondoka mezani, maana nilikuwa nakaribia kumsamehe.

Jumamosi, 12 Julai

Kikundi hakikutoka leo. Nilimwomba Deo aende mwenyewe huko nyuma ya Sofu, amfiche kama vile hanijui. Alirudi mikono ina mikwaruzo. Sikumuuliza kitu.

Nilitoka peke yangu. Nilizunguka, nikapotea, nikatokea shambani kwa watu wakanisalimia kwa mashaka. Mara mbili nilidhani nimekaribia, kumbe naifuata sauti inayoingia kwa nyuma ya antena. Jua lilizama sijampata.

Nilipofika nyumbani Deo alikuwa ameshavaa viatu akamchukue mbweha. Nikamwambia avivue, amwache huko huko. Kesho baada ya ibada narudi mwenyewe. Betri itafika.